Mwaka Tuliojifunza Kukaa Punda

Mama Kanta alifariki mwezi uliopita. Mwanawe alinipigia simu mwenyewe, ingawa ningeipata habari hiyo sokoni kabla jua halijapanda, kama zilivyo habari zote za mji wetu. Nilikwenda msibani na binti yangu Sechelela, ambaye sasa ni mama wa watoto na mwalimu kama nilivyokuwa mimi, ila yeye anavaa viatu vizuri. Tulikaribishwa sebuleni, tukakaa chini juu ya mashuka meupe pamoja na waombolezaji wengine, na kwa heshima ya marehemu nikajaribu kukaa kama alivyonifundisha, miguu imekunjwa na mgongo umesimama wima. Magoti yakakataa. Nikabaki nimepinda kama mtu anayetafuta kifungo cha shati kilichodondoka, na Seche akalazimika kunishika kiwiko. Niliona mabega yake yakitikisika nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na nina hakika marehemu angecheka kuliko yeye, kisha angeniamuru nianze upya.

Wapo watu hapa Dodoma wanaonitambulisha kwa wageni kama mzee aliyechanganya yoga na kung fu. Mimi hukohoa kidogo na kupokea sifa. Nimezipokea kwa muda mrefu kiasi kwamba nilikuwa nimeanza kuziamini, lakini pale juu ya mashuka, huku nimeshikwa kiwiko na binti yangu, nilikumbuka vizuri kwamba mchanganyiko ule haukutoka kichwani mwangu. Ulitoka kwenye kifua cha mtoto ambacho hakikutaka kupitisha hewa, na kwenye ugomvi wa kirafiki kati yangu na mwanamke aliyeniona mjinga tangu siku ya kwanza. Nawashukuru wote wawili. Nimechelewa kumwambia mmoja wao, ndiyo maana naandika.

Ilikuwa miaka ya ruksa, foleni za sukari na sabuni zilipoanza kusahaulika. Maduka yaliyokuwa yamebaki na rafu tupu yakaanza kujaa vitu vya rangi, mitumba ikamwagwa chini sokoni, na vibanda vya video vikachipuka kila mtaa. Mke wangu alikuwa amekwenda masomoni Morogoro kwa mwaka mzima, akaniachia mtoto wa darasa la pili, jiko la mkaa na maelekezo mengi ambayo niliyasahau kabla treni haijafika Gulwe. Tulipanga vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa la Mama Kanta. Chumba cha nje kilikuwa changu, chenye meza ya kusahihishia madaftari na kitanda kilichobonyea katikati. Cha ndani kilikuwa cha Seche, na nilikuwa nimeziba nyufa za dirisha kwa matambara, maana adui yetu mkubwa alikuwa vumbi. Mnaoijua Dodoma ya miezi ya upepo mnajua ninachosema. Unafagia asubuhi, na kabla hujaweka ufagio chini unaweza kuandika jina lako juu ya meza.

Seche alikuwa na pumu. Kifua kilipombana alikaa kitandani ameshika magoti, mabega yamepanda hadi masikioni, na mluzi mwembamba ukamtoka kila alipohema. Alikuwa hanililii. Hilo ndilo lililonikata maini, kwamba hakuwa na pumzi ya kupoteza kwa kulia. Tulikuwa na vidonge vya hospitali, na vilimsaidia, na hata leo anatembea na dawa yake ya kuvuta ndani ya mkoba. Nalitaja hili mapema asije mtu akasoma maneno yangu kisha akatupa dawa za mwanawe. Lakini vidonge havikumfanya awe mtoto. Alikuwa hakimbii, haruki kamba, hafagii darasa. Wenzake walipocheza rede, yeye alishika masweta yao.

Mama mkwe wangu aliishi Hombolo, na alikuwa ameshamzika binti yake mmoja kwa ugonjwa huohuo. Kwa hiyo sikuweza kumchukia kwa alilolitaka, ingawa nilijaribu. Mwanzoni mwa mwaka alikuja kututazama. Kwetu sisi mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na lenye uzito la kusema hupitishwa kwa mtu wa tatu. Yeye akakaa chumba cha ndani na bakuli lake la mlenda na ugali wa uwele, mimi nikakaa cha nje na langu, na Seche akasimama mlangoni katikati yetu, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake hadi kutafuna.

"Seche," ikatoka sauti ya ndani, "mwambie baba yako mtoto wa pumu halelewi na mwanamume peke yake."

Seche akanigeukia. "Baba, bibi anasema..."

"Nimesikia. Mwambie bibi mama yako anamaliza masomo mwakani."

"Mwambie kifua hakijui mwakani. Nikishapura uwele wangu nitakuja. Nikimkuta hivi nilivyomkuta, naondoka naye."

Nilikusanya vyombo, nikatoka kuviosha uani, na nikagundua kwamba naogopa. Nilijua nyumba ya Hombolo ilivyo, na jiko lake la kuni ndani, na moshi, na shule iliyo mbali. Nilijua angemfungia mtoto kwa mapenzi. Na zaidi ya hayo yote, nilijua vyumba vile viwili vingekuwaje bila Seche. Yapo mambo mwanamume wa enzi zetu alikuwa hayasemi, lakini sasa ni mzee na nitayasema: nilimpenda yule mtoto kupita kiasi, na sikutaka achukuliwe.

Kung fu nilikuwa nimejifunza kambini, wakati wa kulitumikia taifa, kwa koplo mmoja aliyewahi kupelekwa Uchina na kurudi na mapaja ya ajabu. Nilikuwa nimeiacha. Lakini vibanda vya video viliwatia wazimu vijana wa mtaani, wakawa wanapiga teke milango ya vyoo na kuvunjana vidole, na siku moja nikatoka na madaftari mkononi nikawaonyesha jinsi mtu anavyosimama kabla ya kurusha teke. Basi. Kuanzia hapo sikupumzika. Mama Kanta alikuwa na ghala ng'ambo ya ua, tupu tangu enzi za foleni, akatupa tulitumie jioni na Jumamosi kwa sharti tusiguse dari wala kupiga kelele akiwa anakata kitambaa. La kwanza tulilitimiza.

Seche akataka kuingia. Nikafurahi, nikajiambia kwamba hapa ndipo nitakapomkomaza kifua. Nikamweka mstari wa mbele, nikamwambia akae farasi, yaani magoti yamekunjwa, miguu imetanuliwa, ngumi kiunoni, na tumbo amelikaza. Akafanya kama nilivyomwambia, maana alikuwa mtoto mtiifu. Hakumaliza hata zamu ya kwanza ya ngumi. Nilimbeba hadi nje, na Mama Kanta alikuwa amesimama kwenye baraza lake la nyuma na mkasi mkononi.

"Mwalimu, unataka kumuua huyu?"

"Namkomaza, mama."

"Unamkomaza nini? Tazama tumbo lake. Umemwambia alikaze. Hewa sasa ipite wapi, masikioni?"

Alikuwa Mhindi, lakini mzaliwa wa hapahapa Dodoma, baba yake akiwa na duka tangu zamani, na Kiswahili chake kilikuwa na makali kuliko mkasi. Akaenda ndani akarudi na vidonge na chai ya tangawizi, na Seche alipotulia, akamlaza chali kwenye mkeka wa baraza na kumwekea kikombe cha bati juu ya kitovu. "Nataka kikombe kipande na kishuke," alimwambia. "Wewe usifanye kitu. Kazi ni ya kikombe." Nilisimama pale nikiona aibu na wivu kidogo. Kikombe kilipanda. Kikashuka. Mabega ya mwanangu, ambayo sikumbuki lini yalikuwa mahali pake, yakashuka pia.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya uji, Seche alivuka ua kwenda barazani kwa Mama Kanta. Ile yoga Mama Kanta aliipata kwa baba yake, naye aliifanya kwa sababu mgongo ulimuuma kwa kuinamia meza ya vitambaa, na alikuwa haielezi kwa maneno makubwa. Jinyooshe, hema, usiharakishe, nyamaza. Mimi nilidai kwamba ni usingizi wenye jina. Yeye alidai kwamba kung fu yangu ni hasira yenye jina. Jioni nikiwa nasahihisha madaftari niliwasikia kupitia dirishani, yeye anakata, mtoto anakusanya vipande vya kitambaa.

"Baba yako anafikiri mwili ni mlango wa kuvunja," alisema Mama Kanta.

"Na wewe?"

"Mimi nafikiri ni mlango wa kufungua polepole, bawaba zisilie."

"Lakini mwizi akija?"

Mkasi ukasimama. "Mwizi akija," alisema Mama Kanta baada ya kufikiri, "muite baba yako."

Nilicheka peke yangu hadi nikaharibu daftari la mtoto wa watu kwa wino mwekundu. Lakini swali la Seche lilibaki kwangu. Alikuwa anavitaka vyote viwili. Alitaka kuhema kama Mama Kanta na kupiga kama mimi, na haikumpitia akilini kwamba sisi wakubwa tuliviona kama vitu vya kugombana.

Siku aliyovichanganya naikumbuka kwa sababu ya kicheko. Hapo vijana walikuwa wameshaacha kusema "kukaa farasi." Wengi wao walikuwa hawajawahi kumwona farasi kwa macho, lakini punda wa kubeba maji walipita mlangoni kwetu kutwa, na siku moja mmoja akasema kwamba Mwalimu akikaa vile anafanana na punda aliyegoma. Ikawa kukaa punda hadi leo. Basi jioni ile tulikuwa tumekaa punda, tunarusha ngumi kwa kuhesabu, nikasikia wanacheka nyuma. Seche alikuwa amekaa punda kwenye kona, tumbo amelilegeza, macho ameyafumba nusu, na kiganja chake kilikuwa kinakwenda mbele polepole mno, kinafuata pumzi inayotoka mdomoni kama mtu anayepuliza uji wa moto. Pumzi ilipoisha, mkono nao ukawa umenyooka. Kisha akauacha urudi wenyewe.

"Mwalimu, huyo anamsukuma nani?" akauliza kijana mmoja mrefu, hodari wa mateke.

"Fanya kama yeye," nikasema.

"Hiyo rahisi."

"Fanya basi."

Akafanya. Kabla mkono haujafika nusu mapaja yalikuwa yanamtetemeka na pumzi imemwishia. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Nikajaribu na mimi, kwa siri, nimewageuzia mgongo, na nikaona kwamba miaka yote ile nilikuwa natupa ngumi kabla pumzi haijawa tayari. Niliwafundisha vijana ngumi ile wiki nzima, na tukaiita ngumi ya Seche. Mama Kanta alikuja mlangoni akatazama, akasema tu, "Afadhali." Kwake hiyo ilikuwa hotuba ya sifa.

Kazi yetu ikapata umbo. Tulianza kwa kujinyoosha kwa namna ya Mama Kanta, katikati tukakaa punda na kupigana, na mwisho kila mtu akalala chali, kimya, hadi nipige kofi la viganja. Sheria ya mwisho niliishikilia kwa ukali: hata nyumba ikiungua, hakuna anayeinuka kabla ya kofi. Nikaupeleka ule ukimya hata shuleni, kwenye darasa langu lililojaa hadi madirishani, na kwa mara ya kwanza nikafundisha hesabu bila kugonga meza. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kuniuliza watoto wakifumba macho wanamwomba nani. Nilimwambia kwamba wanafumba ili wasionyeshane ulimi. Akafikiri, akasema hilo analielewa, ana wajukuu. Na Seche akaanza kufagia darasa, kitambaa puani. Kifua kilimbana bado, lakini alikuwa analijua linalokuja, na analitangulia. Nikaanza kuhesabu wakati kwa uwele wa mkwe wangu. Kila nilipomwona mtu wa Hombolo sokoni nilimuuliza kama wameshapura.

Walipura. Ujumbe ukaja kwamba bibi atafika Jumamosi.

Jumamosi hiyo upepo uliamka na hasira. Ghala lilikuwa na mlango mmoja na vidirisha vya juu, na vumbi liliingia kama limekaribishwa. Tulifanya mazoezi hivyohivyo, viatu vyote nje mlangoni, na ulipofika wakati wa kulala chali nikaona Seche anaanza kupiga chafya. Nikachukua kanga, nikailowesha maji kidogo, nikamfunika kuanzia unyayoni hadi kichwani ili vumbi lisimfikie. Nikakaa kwenye mkeka karibu na kichwa chake, nikainamisha uso na kufumba macho. Wenzake walikuwa wamelala kumzunguka, hakuna anayepumua kwa sauti. Sikuona ubaya wowote katika picha hiyo.

Mama Yohana, jirani yetu, alikuwa na desturi ya kumletea Seche uji wa ulezi Jumamosi. Alitoka kwenye jua kali akachungulia gizani. Aliona viatu vingi mlangoni, watu chini kwenye mikeka, kimya, mtoto wa pumu wa mwalimu amefunikwa kanga gubigubi, na baba yake ameinama kichwani pake. Angeuliza nini? Aliweka uji chini, akashika kichwa, akapiga yowe ambalo lilisikika hadi barabara kuu.

Hapa ndipo ninapoonekana mjinga, na sina wa kumsingizia. Nililisikia yowe lile nikajua kuna msiba mtaani. Nikahuzunika. Nikawaza ni nani, labda yule mzee wa nyumba ya kona aliyekuwa mgonjwa. Nikawaambia watoto kwa sauti ya chini, "Tulieni hivyohivyo, kuna wenzetu wamefiwa," na kwa kuwaheshimu wafiwa nikainamisha kichwa zaidi. Watoto, kwa kuwa kofi halijapigwa, wakatulia kama mawe. Nikasikia nyayo. Wanawake wakaingia mmojammoja, kanga zimefungwa kiunoni, wakakaa chini na miguu imenyooshwa. Nje wanaume walikuwa wanavua kofia, mtu anaagiza kuni, mwingine anauliza nani ana sufuria kubwa. Mama mmoja akakaa karibu nami, akaniwekea mkono mgongoni.

Nikamnong'oneza, "Amefariki nani?"

Akaangua kilio. "Pole, baba. Pole sana. Jikaze."

Kabla sijaelewa, ikaingia sauti niliyoijua. Mkwe wangu alikuwa ameshuka kwenye gari stendi, akaona wanawake wanatembea kwa haraka, akauliza, akaambiwa ni kwa mwalimu, ni mtoto. Alikuja akilia kwa Kigogo, anamwita binti yake aliyemzika zamani pamoja na mjukuu wake, majina mawili kwa pumzi moja, na watu wakampisha njia. Sijawahi kusikia kilio kama kile na sitaki kukisikia tena. Akaanguka kwa magoti mbele ya mkeka.

Kanga ikafunuka. Seche akaketi, nywele zimejaa maji. "Shikamoo, bibi," akasema.

Nani angebaki? Mlango ulikuwa mmoja, na wote wakautaka. Waliosimama waliwakanyaga waliokaa, watoto nao wakaona kofi halina maana tena wakakimbia, mikeka ikapinduka, na vumbi la sakafu lililokuwa limetulia tangu enzi za foleni likainuka hadi darini. Ndani ya wingu hilo nikausikia ule mluzi. Seche alikuwa ameogopa kuliko nilivyowahi kumwona. Mabega yalipanda, midomo ikaanza kubadilika rangi.

Nilimbeba hadi barazani kwa Mama Kanta, nje ya vumbi. Mama Kanta alikuwa ameshakimbilia vidonge na anamfokea kijana wa dukani awashe gari la mizigo tumpeleke hospitali. Nikamkalisha mtoto, mgongo wake kifuani pangu. Alimeza kidonge kwa tabu. Gari lilikuwa linakohoa, haliwaki. Na mkwe wangu akaja akapiga magoti mbele yetu, goti lake likagusa langu, akanitazama usoni.

"Baba," akasema, "nifanye nini?"

Katika miaka yote hakuwahi kuniambia neno moja kwa moja. "Mama, mpe kiganja," nikasema. "Mnyooshee kiganja chako hapo mbele, usikiondoe." Kisha nikamnong'oneza Seche, "Usivute. Toa. Msukume bibi, polepole, kama unapuliza uji."

Akaweka kiganja chake kidogo juu ya kile cha bibi yake, kilichokomaa kwa mchi na jembe. Mwanzoni hakikwenda popote. Nilikuwa nahema kwa ajili yake, ili mgongo wake ukifuate kifua changu, na nikaona bibi naye ameanza kuhema hivyohivyo bila kuambiwa na mtu, midomo ameichomoza. Kiganja kikasogea kidogo. Kikarudi. Kikasogea tena, zaidi ya mwanzo. Gari lilipowaka, mabega ya Seche yalikuwa hayajashuka, lakini aliponigeukia macho yake yalikuwa yametulia. Hospitali walimchoma sindano, wakamweka hadi jioni, na daktari akasema tumemfikisha akiwa bado ana nguvu ya kuhema, na hilo limesaidia.

Tuliporudi tulikuta mtaa mzima uani. Unga, maharage na kuni vilikuwa vimeshaletwa, na kwa mila zetu kilicholetwa msibani hakirudishwi nyumbani. Kwa hiyo walipika. Yalikuwa matanga ya furaha, maiti mwenyewe anakula maharage mbele ya watu, na Mama Yohana anamwangalia kila anapomeza. Mama Kanta alileta sinia la chapati na dengu, akakaa chini na mkwe wangu na wanawake wa mtaani. Nadhani sijawahi kula chakula kitamu namna ile. Nilikula nimesimama, mbali na mkwe wangu, kama inavyotakiwa.

Alikaa nasi siku kadhaa na hakulitaja jambo lililomleta. Alfajiri alikuwa anavuka ua na Seche, anakaa pembeni ya baraza, anatazama. Mimi nilikuwa silali vizuri. Mtoto alikuwa ameshikwa na kifua mbele ya macho yake, kama alivyoonya, na mwenye kosa alikuwa ni mimi na kanga yangu. Asubuhi ya kuondoka nikamsikia chumba cha ndani akimwambia Seche avae viatu. Nikakaa kitandani pangu, pale palipobonyea. Wakatoka. Nilifuata nyuma kwa umbali wa heshima, nimebeba kikapu cha bibi, na sikuwa na ujasiri wa kutazama kama ndani kuna nguo za mtoto.

Njia ya kwenda stendi ilikuwa na mwinuko mrefu. Seche alikuwa anaongea. Alianza mlangoni na hakunyamaza. Alimweleza bibi yake habari za kijana mrefu aliyeshindwa kukaa punda, za paka wa Mama Kanta, za hesabu za kugawanya, za mama yake ambaye ameandika kwamba Morogoro kuna machungwa hadi barabarani. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa upande wa mtoto, anasikiliza, na mimi nyuma yao nikaelewa kwamba hasikilizi habari za paka, anasikiliza pumzi. Tulipofika katikati ya mwinuko, akaongeza mwendo. Hakuwa na haraka yoyote, gari lilikuwa linaonekana limesimama, halina hata dereva. Aliongeza makusudi. Seche akaongeza naye, anaendelea kuongea. Bibi akaongeza tena.

Walipofika juu, bibi ndiye aliyeshika ubavu wa gari, anahema, jasho linamtoka.

"Bibi, usivute," Seche akamwambia. "Toa kwanza. Polepole."

Mkwe wangu akachomoza midomo, akatoa pumzi yote hadi ikaisha. Akamshika mtoto shavu, akaitazama sura yake kwa muda mrefu. Kisha akachukua kikapu mkononi mwangu, akapanda gari peke yake, na Seche akageuka akanijia mbio, na sikumkataza.